Sabufa inavuma tangu tuvutiwe dishi la jengo: nifanye nini?

SWALI: Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi ghorofa ya tatu hapa Tudor. Nina risiva ya sauti, ile ya kuendesha spika, pamoja na spika tano na sabufa ya besi, na kwa miaka minne sikuwa na la kulalamika. Mwezi wa Ramadhani wapangaji tulichanga, tukaweka dishi moja juu ya paa na kila nyumba ikavutiwa waya wake. Tangu siku hiyo sabufa inavuma mmmm mchana na usiku, hata filamu ikiwa imesimamishwa. Kijana mmoja alikuja akafungua plagi ya sabufa, akakata waya wa kijani na manjano, na kweli ikanyamaza. Lakini sasa mama watoto akipangusa risiva kwa kitambaa kibichi, anasema mkono unamchonyota kama sisimizi wanamtembea. Mwenye duka naye ananiambia ninunue waya za bei kubwa. Niache kama ilivyo, ama ninunue?

JIBU: Mwalimu, salaam sana. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kachomoe sabufa ukutani. Usiichomeke tena mpaka ule waya wa kijani na manjano urudishwe kwenye plagi na skrubu yake ikazwe. Waya za bei kubwa usinunue. Ukishachomoa, rudi tuongee, kwa sababu swali lako limebeba jibu lake lote, na huko kuchonyotwa kwa mama ndiko kulikonionyesha.

Anza na dikoda, kile kisanduku kinachopokea waya wa dishi na kupeleka picha. Ukiifungua pawasaplai yake utakuta kapasita ndogo ya buluu, bapa kama kidonge. Imeunganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa bodi la chuma, yaani kasha lake la nje, ili kuzima vurugu za umeme zisiharibu picha na redio. Kapasita hiyo hupitisha mkondo kidogo wakati wote, na ndivyo ilivyoundwa. Kwenye kifaa cha pini tatu mkondo huo hushuka na waya wa eathi, ndio ule wa kijani na manjano unaoupeleka ardhini, na huuoni wala huusikii. Dikoda nyingi hutumia pini mbili tu, hazina eathi, kwa hiyo bodi lake hubaki limeelea likiwa na takriban nusu ya umeme wa ukutani: volti 120 hivi kati ya 240. Volti ni nyingi lakini mkondo wenyewe ni sehemu ndogo tu ya miliampia. Dikoda ikiwa peke yake huwezi hata kuihisi.

Nyinyi sasa hamna dikoda moja. Ule wavu wa nje wa waya wa dishi, zile nyuzi zinazozunguka plastiki nyeupe, umefungwa kwenye bodi la kila dikoda, na nyaya zote zinakutana kwenye swichi ya kugawa juu ya paa. Kama aliyefunga dishi hakulitia eathi, na mara nyingi hawalitii, basi vile vimikondo vya nyumba zote vimechangana mahali pamoja na vinatafuta njia ya kwenda chini. Nyumba kumi na mbili zinaweza kufikisha miliampia moja au mbili. Tazama njia vilivyoipata: vinashuka na waya wako wa dishi, vinaingia kwenye dikoda yako, vinapita HDMI, ule waya wa picha na sauti, hadi risiva, vinapita waya wa RCA, ule wa sauti peke yake, hadi sabufa, na hapo ndipo vinapokutana na plagi ya pini tatu. Kwenye msururu wako wote, sabufa peke yake ndiyo yenye eathi. Kwa hiyo, Mwalimu, sabufa yako imekuwa ndiyo eathi ya jengo zima.

Utauliza kwa nini mkondo mdogo hivyo usikike. Waya wa RCA una njia mbili tu, pini ya katikati na ile pete ya nje. Pete ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inaukinga muziki na ndiyo njia ya muziki kurudi. Mkondo wa jirani ukipita kwenye pete huacha volti ndogo pale, na sabufa haina namna ya kujua kwamba volti ile si muziki. Inaikuza kama ilivyo. Pete ikiwa safi, ukinzani wake ni mdogo mno, na miliampia mbili zitaacha sehemu ndogo tu ya milivolti. Pete ikiwa imeshika kutu na ukinzani umefika omu moja, miliampia mbili zilezile zinaacha milivolti mbili. Muziki wenyewe kwenye waya huo ni kama milivolti 316 ukiwa katika kiwango chake cha kawaida. Milivolti mbili kwenye 316 si kitu wakati wa mlipuko wa filamu, lakini usiku wa manane, filamu imesimama na feni imezimwa, unausikia mvumo vizuri sana. Na kwa kuwa umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, mvumo unaangukia palepale ambapo sabufa ina nguvu.

Kutu nimeitaja makusudi. Tudor iko juu ya hori la maji ya chumvi, na upepo unaoingia kwenu madirishani unayabeba. Chomoa waya wa RCA wa sabufa uuweke chini ya taa. Pete iliyokaa miaka minne bila kuguswa kwa kawaida imefifia, haina mng'ao, na kwenye ukingo wake wa ndani pana ukoga wa kijani, ule wa sufuria ya shaba iliyosahauliwa. Usitumie msasa, utakwangua rangi ya juu na kutu ijayo itakuja kwa kasi zaidi. Chovya pamba kwenye spiriti safi ya asilimia 90 na kuendelea, sugua pete na pini na tundu lake nyuma ya risiva, acha ikauke, kisha chomeka huku unazungusha. Kazi hii inafaa kila mwaka kwa yeyote anayeishi karibu na bahari, avumiwe asivumiwe. Ndiyo maana nasema waya za bei kubwa usinunue: unachohitaji ni pete iliyo safi na inayobana, na wavu mnene, na hivyo vinapatikana kwenye waya wa bei ya kawaida.

Sasa yule kijana. Alipokata waya wa eathi aliziba njia ya mkondo, mkondo ukakosa pa kupita, mvumo ukanyamaza. Lakini mkondo haukwenda popote. Umebaki kwenye bodi la risiva, bodi la dikoda na bamba la nyuma la sabufa, ukisubiri njia nyingine. Njia hiyo ni mama, mwenye kitambaa kibichi mkononi na miguu mitupu juu ya vigae.

Mchonyoto wa miliampia moja au mbili hautamdhuru, huo ni wa kushtua tu. Kinachonitia hofu mimi ni siku ambayo kitu kitaharibika ndani ya sabufa. Transfoma ikiungua, au waya wa kahawia, ule wa moto, ukichomoka na kulala kwenye bamba la chuma, volti 240 zote ziko nje pale. Eathi ikiwepo, mkondo mkubwa hushuka mara moja, fyuzi ya plagi inakatika au swichi kuu inaruka, na unapata hasara ya sabufa tu. Eathi isipokuwepo fyuzi haijui kitu. Bamba linakaa na umeme kamili, RCA inaupeleka kwenye risiva, HDMI inaupeleka kwenye dikoda, na waya wa dishi unaupandisha juu ya paa na kuushusha kwenye nyumba za wenzako. Mtoto wa ghorofa ya nne anayechezea dikoda yao anaweza kupigwa na umeme wa sabufa iliyoko kwako. Ile swichi ya usalama ya miliampia 30, kama mnayo, itaruka pale tu mtu atakapokuwa ameshagusa. Nami nilipokuwa mwanagenzi nilifundishwa dawa hiihii ya kukata, nikaitumia kwenye nyumba mbili kabla sijaelewa ninachokifanya. Nilirudi kote kuwili nikarudisha waya bila kutoza kitu, na tangu siku hiyo sijakubali kuondoka kwenye nyumba yoyote nikiacha plagi ya aina hiyo.

Haya, tuhakikishe. Rudisha waya, na mvumo utarudi, uache urudi. Punguza sauti ya risiva mpaka chini. Mvumo usipobadilika, ujue unaingia baada ya kitufe cha sauti, yaani kwenye sabufa au waya wake, na ndivyo ninavyotarajia kwako. Kisha chomoa dikoda kwenye umeme, na ufungue ule waya wa dishi nyuma yake ukiushika kwa plastiki, usiguse chuma. Kama sabufa imenyamaza papo hapo, kesi imekwisha. Sisitizo moja: kuzima dikoda, au hata kuichomoa ukutani, si kipimo, maana wavu wa waya bado umeshikana na bodi. Wengi huzima kila kitu, mvumo ukabaki, wakasema dishi halina kosa. Lazima uufungue waya wenyewe.

Mvumo usiponyamaza, chomoa RCA kwenye sabufa, iache na umeme tu. Ikinyamaza, waya au risiva ndiyo yenye neno, anza na ile pamba ya spiriti. Ikiendelea kuvuma peke yake, tena kwa sauti ya juu kidogo kuliko ile ya mwanzo, hapo ni kapasita kubwa za pawasaplai yake zimechoka. Mvumo wao ni wa mara 100 kwa sekunde, si 50. Joto letu huzila kapasita hizo haraka, hasa sabufa ikiwa imebanwa kwenye kona nyuma ya kochi. Fundi atazibadilisha kwa muda mfupi.

Lakini nina yakini ni dishi, na tiba yake iko juu ya paa, si sebuleni kwako. Mahali nyaya zinapokusanyika kabla ya kushuka panafungwa bamba la chuma lenye viungo vya waya wa dishi, na wavu wote unashikana hapo. Kutoka kwenye bamba hilo na kutoka kwenye nguzo ya dishi, waya mnene wa shaba unashushwa mpaka kwenye eathi kuu ya jengo pale kwenye mita. Ni eathi ileile ya jengo, si msumari mpya wa eathi wa kupigwa ardhini. Wako watakaowaambia wapige msumari wao mwenyewe chini ya dishi na yaishe. Wakataeni. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, mwamba unaopitisha maji upesi na kukauka upesi, na msumari mara nyingi hugota kabla haujafika mbali. Misumari miwili isiyounganishwa haiko sawa kwa volti, na tofauti yao itapita palepale kwenye waya wako wa RCA. Utakuwa umebadilisha mvumo kwa mvumo. Nina mteja mmoja Nyali aliyekuwa na misumari miwili ya namna hiyo. Wakati wa Kaskazi, ardhi imekauka, mvumo wake ulizidi, na mvua za masika zikianza unapungua. Tulipoiunganisha yote miwili kwa waya mmoja mnene, hakusikia tena msimu wowote.

Kazi hii ni ya fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, na si ya kwako peke yako kuilipia. Zungumza na msimamizi na wenzako mliochanga. Waeleze kwamba vimikondo vinavyokutia mvumo ni vyao pia, na kwamba wao nao wanachonyotwa wakigusa waya wa dishi, ila wengi hudhani ni kawaida. Fundi akifika, mwambie aipime eathi ya jengo kwa mita yake maalumu ya eathi. Kuwasha balbu kati ya waya wa moto na eathi si kipimo cha kutosha, na kama eathi yenyewe ni mbovu basi kuna jambo kubwa zaidi ya sabufa.

Wakati mnasubiri wenzenu wachange, unaweza kusikiliza bila mvumo na eathi ikiwa mahali pake. Njia ninayoipenda ni waya wa mwanga, ule wa optiki. Chomeka dikoda kwenye runinga kwa HDMI, kisha toka runinga hadi risiva kwa waya wa optiki peke yake, na uondoe kabisa HDMI iliyokuwa inaunganisha runinga na risiva. Waya huo unapitisha nuru, hauna shaba ndani, na mkondo wa jirani hauna pa kukanyaga. Sauti ya spika tano na sabufa inapita bila taabu, ingawa runinga nyingine hupunguza iwe ya njia mbili mpaka ubadilishe kwenye mipangilio. Utakosa sauti za Atmos, ule mfumo wa sauti za kukuzunguka mpaka juu ya kichwa, na menyu ya risiva haitaonekana kwenye kioo. Kumbuka tu kwamba hii inatibu masikio. Bodi la dikoda na runinga bado vinaelea na volti zile mpaka paa litengenezwe.

Njia ya pili ni kitransfoma kidogo cha kutenganisha, kinachokaa kwenye waya wa RCA wa sabufa. Vinafanya kazi, ila vile vya bei rahisi hushindwa na besi ya chini kabisa, na kumpunguzia mtu besi kwenye sabufa ni kama kumuuzia biriani bila nyama. Chukua kikubwa au usichukue. Na kuna vidude vinavyouzwa vya kukata mvumo kwenye waya wa antena. Kwa antena ya kawaida ni vizuri, lakini wewe usivifunge kwenye waya wa dishi: dikoda hupandisha volti 13 au 18 kupitia waya huohuo kulisha LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, kidude kinazizuia, na picha yote inapotea.

Kuna jambo jingine nalitaja kwa sababu nusu ya nyumba ninazoitwa hapa Mombasa ndilo linalowasumbua, na huenda ukalisikia mvumo mkubwa ukishaondoka. Ni regyuleta ya pangaboi. Zile za zamani, sanduku kubwa ukutani lenye kitufe cha hatua tano, hazina shida. Hizi mpya ndogo za kuzungusha hukata kila wimbi la umeme katikati, na ule mkato unaingia kwenye waya za nyumba na kutoka kwenye spika kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo: bzzzz kali, si mmmm. Jaribu hivi: zungusha pangaboi mpaka mwisho, kasi yote, kisha uzime, kisha katikati. Kama sauti inatokea hapo katikati tu, umempata. Badilisha regyuleta kwa ile ya kapasita yenye hatua, na uhamishe waya za spika zisilale pamoja na waya za umeme. Taa zenye kitufe cha kupunguza mwanga zina tabia hiyohiyo, na inveta za bei rahisi pia.

Ule mlio wa di-di-di unaokuja kabla simu haijaita ni simu yenyewe, isogeze mbali na risiva. Na sauti ya ssss kama mafuta yanayokaangwa, inayosikika ukiweka sikio kwenye spika, kila amplifaya inayo. Ikikufikia kwenye kochi, pandisha sauti kwenye dikoda na uishushe kwenye risiva.

Msururu wako wote, runinga, dikoda, risiva na sabufa, ulishwe kutoka soketi moja ya ukutani kwa ekstensheni nzuri yenye eathi. Vyote pamoja havifiki hata nusu ya ampia 13 za plagi. Friji na birika vitafute pengine.

Fundi akishamaliza juu ya paa, kabla hajafunga mkoba wake, mwombe aweke mita kati ya bodi la risiva na eathi ya soketi mbele yako. Leo, sabufa ikiwa imechomolewa, nategemea isome karibu volti mia. Siku hiyo iwe chini ya volti moja. Isome mwenyewe, Mwalimu, kisha mpe mama kitambaa chake.